Mtaro Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake mpya ilichorwa vizuri sana, ikatiwa kwenye fremu, ikafungwa utepe mwekundu, na mpaka sasa inasubiri kuzinduliwa. Wenyeji wa huko hujua wako wapi kwa kuulizana.

Ni nchi yenye bahati, maana kila kitu chake ni kipya. Hospitali ina kitanda cha kisasa kinachoinuka kichwani na kushuka miguuni, na wagonjwa hulazwa sakafuni pembeni yake wakikitazama. Sokoni kuna vyoo vya vigae vinavyong'aa, na watu huenda nyuma ya vyoo hivyo. Mtoni kuna daraja pana, na chini ya daraja watu hukunja suruali wakavuka majini kwa nidhamu, kwa sababu utepe wa daraja haujakatwa.

Sheria ambayo kila raia wa nchi ile anaijua bila kusoma ni hii: kitu kipya hakitumiki mpaka Mgeni Rasmi akate utepe wake. Anayekitumia kabla ya hapo ametenda kosa la kujizindulia. Yupo bwana aliyevuka daraja lile akimkimbiza mkewe kwa mkunga. Bwana alifungwa, na daraja likabomolewa likajengwa upya ili liwe halijavukwa. Mtoto wao, kwa kuwa alizaliwa upande wa pili, mpaka leo hana hakika kama amezaliwa.

Katika nchi hiyo aliishi Siwema, msichana mpole, mwenye sauti ndogo, ambaye hajawahi kumbishia mtu mzima wala askari. Aliishi bondeni na mama yake, Bi Mwanakombo. Ugonjwa ulikuwa umemlaza Bi Mwanakombo upande mmoja wa mwili, lakini mdomo ulikuwa mzima, tena mzima kuliko wa watu wengi.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo, na ua wake ulikuwa chini kuliko njia. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yaliingia uani yakakaa, yakinywewa taratibu na ukuta wa chumba cha nyuma. Masika yaliyopita ukuta huo ulipasuka kuanzia chini mpaka dirishani. Ukiubonyeza, kidole kiliingia. Na chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha Bi Mwanakombo hakikuwa na pa kukaa ila chini ya ukuta huo huo.

Sasa, chini ya ua ule ule lilipita bomba kubwa la serikali la kupeleka maji ya mvua mbali. Lililazwa na serikali ya zamani, na mvua ikinyesha lilisikika likikoroma chini ya ardhi, nusu tupu.

"Lina nafasi hilo," alisema fundi Chande, aliyekuwa amelala kifudifudi uani, sikio ardhini. "Hii ni kazi ya asubuhi moja, Siwema. Nachimba mtaro kuanzia bafuni huko nyuma, unapita mbele ya mlango, mpaka hapa langoni. Nalaza bomba la plastiki lenye mteremko, natoboa hili kubwa, naweka kiungio, nafunga na saruji. Maji yakija yanapita kama yameitwa."

"Inaruhusiwa?"

"Jirani zako wote wamejiunga."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha usingizi wa serikali."

Siwema alifikiri, akaufikiria ukuta, akamfikiria yule bwana wa daraja.

"Mimi nitaomba kwanza," alisema.

Chande alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake anayekwenda kumwamsha mbwa ili ampite vizuri.

* * *

Ofisi ya Mambo ya Chini ya Ardhi ilikuwa ghorofani. Afisa Itifaki wake, Bwana Makungu, alikuwa mnene wa heshima, mwenye leso nyeupe aliyokuwa akijipepea nayo hata kulipokuwa na baridi.

"Shikamoo," alisema Siwema.

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Hapana, bwana. Kuomba. Nataka kuunganisha mtaro wa uani kwangu na bomba la serikali lililopita chini."

Bwana Makungu aliacha kujipepea.

"Unaomba?"

"Ndiyo, bwana."

"Kabla ya kufanya?"

"Ndiyo."

Bwana Makungu alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha na Ofisi haikuwa na chochote cha kuzindua. Barabara zote zilikwisha zinduliwa, nyingine mara mbili, moja ikiwa bado haijalimwa. Na hapa mbele yake alikuwa amesimama raia mzima, na mtaro mzima, na bomba ambalo tayari lipo.

"Dada yangu," alisema, "wewe si mwombaji. Wewe ni mnufaika."

Siwema hakuwahi kuitwa hivyo. Alishukuru kwa mikono miwili, akarudi nyumbani akitembea upesi, akamwambia mama yake kuwa serikali imekubali.

"Imekubali nini?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Yote."

"Mh," alisema Bi Mwanakombo. "Serikali ikikukatalia unajua pa kupita. Ikikukubalia yote, utapita wapi?"

* * *

Watu wa Ofisi walikuja wengi kuliko mtaro. Wengine walivaa kofia za plastiki, wengine suti, wengine kofia za plastiki juu ya suti. Walimkuta Chande amekwisha chimba, wakampongeza kwa kutekeleza maono, wakaupa mtaro jina. Uliitwa Mradi Kabambe wa Taifa wa Kuunganisha Maji ya Juu na Bomba la Chini, Awamu ya Kwanza.

"Awamu ya pili ni ipi?" aliuliza Chande.

"Kufukia," alisema Bwana Makungu.

Asubuhi hiyo hiyo Chande alilaza bomba, akatoboa lile kubwa, akaunganisha, akafunga saruji. Kazi ilikwisha kama alivyosema. Ilibaki maji kuingia tu. Ndipo Bwana Makungu alipochukua kizibo cha mti kilichoviringishwa vitambaa ili kikaze, akakisukuma kwenye mdomo wa bomba kwa heshima zote. Kizibo kilipakwa rangi za taifa na kufungwa kamba ya kung'aa.

"Mgeni Rasmi atakata utepe, kisha atavuta kamba," alieleza. "Maji yatashuka. Watu watashangilia."

Baadaye vijana wawili walizungusha utepe kwenye eneo la mradi. Mtaro ulianza bafuni nyuma ya nyumba, ukapita mbele ya mlango, ukaishia langoni. Utepe nao ukaufuata mtaro, nyuma, pembeni, mbele, mpaka ncha zikakutana na kufungwa fundo zuri lenye masikio. Nyumba ilibaki katikati kama zawadi. Wakati huo Siwema alikuwa ndani anamgeuza mama yake, na Chande alikuwa nyuma ya bafu ananawa saruji.

Siwema alitoka na beseni la maji machafu akamwage njiani.

"Hapo hapo, dada! Usivuke!"

Alikuwa Koplo Ndaro, askari wa utepe, mrefu, mwembamba, mwenye kirungu.

"Naenda kumwaga maji, afande. Halafu niende dukani."

"Kwenda dukani itabidi uvuke mradi."

"Lakini hii ni nyumba yangu."

Koplo Ndaro aliukagua utepe kwa macho, huku na huku. "Imo ndani," alisema. "Tena umekaa vizuri. Mnufaika hukaa ndani ya utepe. Walio nje ni watazamaji."

Chande alikuja mbio, mikono inachuruzika. "Afande, mimi je? Mimi fundi tu!"

"Utepe ulipofungwa ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa nanawa!"

"Kwa hiyo ulikuwa ndani."

"Mgeni Rasmi anakuja lini?" aliuliza Siwema.

"Karibuni," alisema Koplo Ndaro, akaangalia chini, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

* * *

Habari zilifika kwa mke wa Chande kabla ya mchana. Mama Tausi alikuja amejifunga kanga kiunoni na bakuli la chakula mkononi, nyuma yake mtaa mzima.

"Chande! Umehamia?"

"Mama Tausi, nimefungiwa."

"Umefungiwa na nini? Na hicho? Mwanamume mzima, na mabega yote hayo niliyoyalisha mimi, umefungwa na utepe wa keki?"

"Ni sheria, mke wangu."

"Na utalala wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

Watu walicheka. Siwema alijificha nyuma ya mlango, uso unamuwaka. Ndani, sauti ya Bi Mwanakombo ikapaa kutoka kitandani:

"Mama Tausi! Usiwe na wasiwasi, mwanangu! Tumekisikia kikoromo cha mumeo alipopitiwa hapo kwenye kigoda. Tunakurudishia hata leo, askari akitukubalia!"

Mama Tausi mwenyewe alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akanyoosha bakuli juu ya utepe. Koplo Ndaro alilidaka katikati, akafunua, akanusa.

"Hiki kimepikwa lini?"

"Sasa hivi. Bado kinafuka moshi, huoni?"

"Basi ni kipya. Hakipiti."

"Heee!"

"Kiporo ruhusa," alisema Koplo Ndaro kwa upole. "Kiporo kilikwisha tumika."

Tangu hapo wote watatu ndani ya utepe waliishi kwa viporo. Mama Tausi alipika kila siku, akakiacha chakula kilale, akakileta kikiwa kimechachuka kidogo, nacho kikapita bila tatizo.

* * *

Mgeni Rasmi hakuja, kwa sababu za msingi. Kwanza alikuwa anazindua bango linaloonyesha mahali ambapo bango jingine litasimikwa. Kisha ikagundulika kuwa kiti chake cha sherehe ni kipya, na yeye mwenyewe ndiye wa kukizindua, lakini hawezi kukizindua akiwa amesimama wala kukikalia kabla hajakizindua. Wataalamu waliitwa.

Wakati huo mshereheshaji alikuja kumfundisha Siwema hotuba ya shukrani. Yeye alisimama nje ya utepe, Siwema ndani.

"Sema: Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wanufaika tulikuwa tumezama."

"Lakini hatujazama, bwana."

"Kufikia siku hiyo mtakuwa mmezama. Sema."

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," alinong'ona Siwema.

"Sauti! Watu wa nyuma wanataka kukusikia ukishukuru. Halafu hapa, kwenye neno 'ukombozi', lia kidogo. Siyo sana. Kilio kikizidi kinaonekana ni malalamiko."

Siwema alijitahidi kulia, akashindwa, kwa kuwa alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa sana machozi hayatoki. Mshereheshaji alisema wataweka mtu wa kulia kwa niaba yake.

Baada yake yalikuja malori ya kifusi. Ilionekana kuwa mahali pa mahema ya wageni pana mashimo, na miguu ya waheshimiwa haijazoea mashimo. Kifusi kilimwagwa kuuzunguka ua wote, kikashindiliwa, kikatandikwa zulia jekundu. Ardhi ya wageni ikawa juu kuliko kizingiti cha nyumba.

Chande alishika kichwa. "Bwana Makungu! Mmeziba langoni! Hapo ndipo maji yalipokuwa yakijitokea kidogo kidogo!"

"Fundi," alisema Bwana Makungu, "maji yatatoka kwa bomba. Hiyo ndiyo maana ya mradi."

"Bomba lina kizibo!"

"Kwa sasa."

Walipoondoka, Chande aliketi ukingoni mwa mtaro akaitazama ile kamba ya kung'aa. Ilikuwa karibu, hata mtoto angeifikia.

"Ningeivuta mara moja tu, Siwema. Nani angejua?"

"Koplo anakuona."

"Koplo anasinzia."

"Watajua, Chande. Watasema tumejizindulia. Wataibomoa nyumba ili iwe haijatumika, kama walivyofanya daraja. Mama nitamlaza wapi?"

Chande aliirudisha mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

* * *

Mvua ilianza asubuhi, taratibu, kama inayojaribu tu. Kufika adhuhuri ilikuwa imekwisha amua.

Maji yalishuka kutoka mtaani, yakateremka kwenye kifusi, yakaingia uani, na safari hii hayakuwa na pa kutokea. Yaliujaza mtaro, yakapanda, yakakaa juu ya mdomo wa bomba kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Na chini yake lile bomba kubwa lilikuwa likikoroma, nusu tupu, likiwa na nafasi ya kumeza maji ya bonde zima.

"Afande," Siwema alisema, maji yakiwa magotini, "naomba umwambie bwana mkubwa atoe kizibo tu. Utepe aubakize."

Koplo Ndaro alipiga simu. Alisikiliza kwa muda mrefu, amesimama wima, mvua inampiga.

"Amefurahi sana," alisema alipomaliza.

"Amefurahi?"

"Anasema walikuwa wameagiza malori ya maboza ya kujaza maji siku ya sherehe, maana mradi wa maji bila maji usingependeza kwenye picha. Anasema Mungu amewapunguzia kazi. Maji yasiguswe."

"Mama yangu yuko chini ya ukuta, afande."

Koplo Ndaro aliinamisha kichwa, maji yakamwagika kutoka kwenye kofia. "Dada, unadhani mimi niko nje? Askari wa utepe haondoki mpaka utepe ukatwe. Mwenzangu wa pale darajani alikwenda kijana. Sasa hivi ana wajukuu, na hajawaona."

Siwema na Chande waliinua kitanda juu ya matofali. Kukisogeza hakukuwezekana, chumba kiliishia hapo. Kumpeleka Bi Mwanakombo sebuleni hakukufaa pia, kwa kuwa sebule ilikuwa chini zaidi na sufuria zilikuwa zinaelea. Chande aliweka mbao mbili kuukinga ukuta, na mbao zilipoteleza akaukinga kwa mgongo wake.

Bi Mwanakombo alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Chande, unauegemea ukuta, au ukuta unakuegemea wewe?"

"Kwa sasa tunaegemeana, mama."

"Msiachane basi."

* * *

Hatimaye alikuja. Matarumbeta yalitangulia, yakafuata magari, kisha watu wa kubeba miavuli ya watu waliobeba miavuli, kisha Mgeni Rasmi mwenyewe, aliyekuwa mfupi, msafi, mwenye kutabasamu kabla hajajua ni kwa nini. Mvua ilikuwa imekatika, na Bwana Makungu alisema hiyo pia ilipangwa. Wageni walikaa kwenye mahema juu ya kifusi, wakautazama ua uliojaa maji chini yao, wakasema ni mradi mkubwa.

Itifaki ilizingatiwa. Ilizingatiwa na mwenyekiti, ikazingatiwa na katibu, ikazingatiwa na mwakilishi wa wasioweza kufika. Mzungumzaji mmoja alisema kuwa nchi nyingi zina mabomba na nchi nyingi zina maji, lakini ni nchi yetu peke yake iliyofikiria kuviweka pamoja. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamefundishwa kwamba mzungumzaji akinyamaza, makofi.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "mnufaika!"

Kipaza sauti kilipitishwa juu ya utepe. Siwema alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, na mbele yake watu wote wa dunia, alivyoona yeye, wamekaa kwenye viti. Mgeni Rasmi alisimama ukingoni, mkasi tayari mkononi.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," alisema Siwema. Akanyamaza.

Makofi.

"Naomba mtoe kizibo."

Makofi, na vigelegele kutoka hema la pili.

"Ukuta unaanguka. Mama yuko ndani, hawezi kuinuka. Fundi ameukinga kwa mgongo, naye amechoka. Nawaomba."

Yule mtu wa kulia kwa niaba yake alianza kulia. Makofi yakapigwa kwa kusimama. Mgeni Rasmi aliinamia sikio la Bwana Makungu akasema binti huyu amefundishwa vizuri.

"Jamani, sitoi hotuba!" alisema Siwema, na sauti ikamkatika, na makofi yakazidi.

Ndipo aliposikia kutoka ndani. Haikuwa sauti ya mzaha. Bi Mwanakombo alikuwa anaita kama anavyoita mtu ambaye hataki kuwatisha watoto:

"Siwema. Siwema, mwanangu. Udongo unaniangukia usoni."

Siwema aliweka kipaza sauti juu ya maji, mahali ambapo hapakuwa na meza. Aliingia mtaroni, maji yakamfika kifuani. Aliikamata ile kamba ya kung'aa akaivuta. Kamba ilitoka peke yake, ilikuwa imefungwa kwa ajili ya picha. Akavuta pumzi, akazama mpaka nywele, akakishika kizibo kwa vidole vya mikono miwili, akakiyumbisha huku, akakiyumbisha kule, vitambaa vikalegea, kikatoka.

Bomba lilivuta pumzi pia. Maji ya ua yalianza kuzunguka, polepole, kisha upesi, yakaingia chini kwa mngurumo uliotikisa viti. Wapiga matarumbeta walidhani ndiyo ishara, wakapiga. Walipiga wimbo mzima. Walipomaliza, ua ulikuwa tope tupu, na kandambili moja, na sufuria, na Siwema amesimama mtaroni amekumbatia kizibo kifuani, rangi za taifa zinamchuruzikia kwenye gauni.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkasi wa Mgeni Rasmi ulikuwa hewani, na utepe ulikuwa mzima.

Bwana Makungu alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri. Akisema mradi umezinduliwa, basi Mgeni Rasmi amekuja kuzindua kilichozinduliwa, tena mbele ya macho yake, na aibu hiyo haikuwa na adhabu kwenye sheria kwa sababu aliyeitunga sheria hakuweza kuiwaza. Alichukua kipaza sauti kingine.

"Mheshimiwa," alisema, "kama unavyojionea mwenyewe, hakuna kilichotokea."

Makofi, ya woga mwanzoni, kisha ya moyo mmoja.

"Maji yako wapi?" aliuliza Mgeni Rasmi.

"Yapo, Mheshimiwa. Yamepungua kuonekana."

Mgeni Rasmi alilitazama tope kwa muda. Alikuwa mtu wa misimamo. "Mimi sijawahi kukata utepe wa mradi wa maji pasipo maji," alisema. "Leteni maji." Akakaa kwenye kiti chake, mkasi magotini, na kwa kuwa itifaki haimruhusu mtu yeyote kuondoka kabla yake, wote wakakaa.

Maboza yaliitwa. Bwana Makungu alikuja mpaka kwenye utepe, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akanyoosha mkono. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa sauti ya baba.

"Dada yangu. Kizibo."

Maisha yake yote Siwema alikuwa ameombwa vitu na wakubwa, na maisha yake yote alikuwa ametoa, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Goti lilianza kupinda lenyewe. Aliutazama ule mkono mnene, mweupe kiganjani, unaosubiri. Akageuka, akanyoosha mikono yake miwili juu ya mdomo wa bomba, akaiachanisha.

Kizibo kilikuwa kimebaki mti mtupu, chembamba. Kilipita. Walikisikia wote kikigonga na kugonga, kikienda chini ya utepe, chini ya kifusi, chini ya zulia, chini ya kiti cha Mgeni Rasmi, kikigonga mbali zaidi, mpaka kikanyamaza. Ukiacha maji, kilikuwa kitu cha kwanza kutoka ndani ya utepe.

"Tengenezeni kingine!" alifoka Bwana Makungu.

"Ndiyo, bwana," alisema msaidizi wake. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini kitakuwa kipya."

Bwana Makungu alifumba macho. Kizibo kipya kingehitaji utepe wake, na mgeni wake rasmi.

Boza la kwanza lilifika, likamwaga. Maji yalienea uani, yakazunguka, yakashuka. La pili likamwaga, yakashuka. Lile la kwanza likaenda kujazwa tena.

Siwema aliingia ndani. Ukuta ulikuwa umesimama, umeinama kidogo tu, na Chande alikuwa ameteleza mpaka chini, amekaa kwenye tope, mgongo bado umegusa udongo, amefumba macho, anakoroma. Siwema alikaa ukingoni mwa kitanda. Alianza kumtoa mama yake udongo kwenye nyusi, punje kwa punje.

"Maji?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Yameondoka, mama."

"Wageni?"

"Wapo."

Huko nje boza jingine lilifungua bomba lake, na mtu akamwambia dereva apige honi, labda maji yatasikia yabaki.

"Na sisi?"

Siwema alichungulia dirishani. Koplo Ndaro alikuwa amesimama pale pale, amewapa mgongo, na mbele ya tumbo lake utepe ulikuwa umenyooka, mwekundu, umelowa, bila mkunjo hata mmoja.

"Sisi tupo," alisema, akaendelea kumsafisha uso.